Picha Zilizoshonwa Shingo

Nilirudi kwetu, nyuma ya Diani, na mkoba mweusi mpana kuliko mlango wa chumba changu. Ilinibidi niuingize kiubavu. Mama alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka, akaniuliza kama Nairobi siku hizi mtu akimaliza masomo hupewa mlango wa kwendea nao nyumbani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akalia kidogo, akacheka, kisha akauliza tena ule mkoba una nini. Nikamwambia una picha nilizochora chuoni. Uso ukambadilika, lakini siku hiyo hakusema neno. Mgeni hagombezwi siku ya kwanza, hata akiwa mtoto wa kuzaa mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, na kila mtu aliyesoma alitarajiwa kuwa kitu chenye jina. Mwalimu. Karani. Daktari msaidizi. Mimi nilikuwa nimesomea kitu ambacho kwa Kiswahili hakikuwa na jina, na kwa Kidigo ndiyo kabisa. Chuoni tulikiita sanaa ya biashara: kupanga picha na herufi juu ya karatasi ili mpita njia asimame, atazame, kisha anunue sabuni ambayo hakuwa na haja nayo. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nilipenda hasa kuchora watu, namna mtu anavyoinamisha kichwa akisikiliza redio, namna mtoto anavyofumba macho povu likimwingia. Mwalimu wangu aliwahi kuniambia kwamba watu wangu wanapumua, nami maneno hayo nikarudi nayo nyumbani kama shahada ya pili.

Mjomba hakuyasikia kwa sikio hilo. Alikuwa kaka wa mama, akikaa Munje kwenye minazi yake, na yeye ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki. Hata baba angekuwa hai isingebadilika sana. Kwetu Wadigo wakati ule mtoto alikuwa wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Alikuja kunitazama, akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwa nyumbani, akasikiliza maelezo yangu mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

"Basi umesomea kuchora," akasema.

"Ndiyo, mjomba. Lakini kuchora kwa matangazo."

"Hata kuku huchora, baba. Amka alfajiri utazame uwanja wote ulivyochorwa. Na hakupelekwa Nairobi."

Mama akacheka, nami nikacheka kwa adabu, ila moyoni nilikuwa nafoka. Mjomba akaeleza alilolijia. Alikuwa anajuana na mtu Ramisi, kwenye miwa, na mtu huyo amekubali kunipa nafasi ya mizani: miwa inakuja, inapimwa, ninaandika. Kivuli kipo, nyumba ya kulala ipo. Angenipa muda nitafute hiyo kazi yangu ya Kizungu, lakini msimu wa kukata miwa ukianza kabla sijapata kitu, atakuja mwenyewe kunichukua.

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mjomba."

Siku zile mjomba hakujibiwa la. Na si kwamba kazi ya Ramisi ilikuwa mbaya, nisiwakosee waliokula jasho lao kule. Wamejenga, wameoa, wamesomesha. Ila nilijijua. Nikishaishika kalamu ya mizani, brashi sitaishika tena maisha yangu, na wale watu wangu wanaopumua watabaki mkobani mpaka mchwa wawamalize.

Nikaanza kwenda Mombasa. Nilivuka Likoni na ule mkoba mara nyingi hata watu wa kivuko wakanizoea, mmoja akawa ananiita bwana meza. Kwa wapiga chapa niliambiwa wanachapa tu, hawachori. Kwenye maduka makubwa niliambiwa matangazo yanatoka Nairobi yakiwa tayari. Nikaandika Nairobi, nikajibiwa kwa heshima kwamba nafasi za huko hupewa aliye huko. Kulikuwa na ofisi moja ya matangazo pale mjini, ya Wazungu wawili, nao walizitazama picha zangu kwa muda mrefu na kusifu kila moja, wakanipa chai, kisha wakaniambia wao wenyewe wanafunga waondoke. Chai yao ilikuwa nzuri. Niliinywa yote, kwa sababu nilikuwa sijala.

Nyumbani nilikuwa nimefungika kuliko mfungwa, maana mfungwa anajua siku ya kutoka. Chumba kilikuwa kidogo, mkoba umekula nusu yake, nami kwa ukaidi nikatundika picha kadhaa ukutani ili nisisahau mimi ni nani. Hapo ndipo mama alipoacha kuingia chumbani mwangu. Mwanzoni sikugundua. Kisha nikaona kwamba akiniletea chakula husimama nje ya kizingiti na kunyoosha mkono, sahani inaingia lakini yeye haingii.

"Ingia, mama."

"Hapa panatosha, mwanangu."

"Kuna nini humu?"

"Humu mna watu," akasema. "Malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Na malaika wasipoingia, hiyo rizki unayoitafuta itapitia wapi?"

Nilimjibu kwa hasira. Nilisema kama malaika wa rizki wangekuwa wanaogopa picha, Nairobi nzima ingekufa njaa, kwa maana kule hata viberiti vina picha. Alifikiri kidogo, akacheka kweli kweli mpaka akafuta machozi kwa pembe ya leso. Halafu akasema Nairobi si nyumba yake, ana hesabu ya nyumba yake tu. Akaniachia sahani kizingitini.

Niliziondoa picha ukutani, nikazirudisha mkobani. Haikusaidia. Alijua zimo, na malaika pia walijua. Akawa anafukiza udi barazani kila Ijumaa na kuupepea moshi kuelekea chumbani kwangu, bila kuvuka kizingiti. Majirani wakiuliza mwanao amepata kazi, anasema inshallah, na macho yake yanakwenda kwenye ule mlango. Niliona anavyoamini kabisa kwamba kikwazo changu kimelala pale, ndani ya kitambaa cheusi, na mimi ndiye ninayelala nacho. Wakati huohuo habari zikaja kwamba kule Ramisi watu wameanza kunoa mapanga ya kukatia miwa.

Ndipo nilipoona tangazo kwenye mlango wa duka moja pale Ukunda. Hoteli mpya ilikuwa inajengwa ufukweni, na mwenyewe anatafuta kijana wa kuchora: orodha za vyakula, mabango ya ngoma za jioni, vitabu vidogo vya kupelekwa ng'ambo ili wageni waje. Na chini kabisa iliandikwa kwamba atakayefanya vizuri atachukuliwa kwenye ofisi yao ya matangazo Nairobi. Nililisoma nikiwa nimesimama na chupa ya mafuta ya taa mkononi. Lilipangwa vibaya, herufi zimejaa upande mmoja, nami hata hivyo nililiona zuri kuliko tangazo lolote nililowahi kuliona. Nikaenda, nikaambiwa nije Jumatatu na kazi zangu zote.

Jumapili nilikwenda kunyoa, kisha nikaenda kwa rafiki yangu kuazima viatu na pasi. Mama naye alivaa buibui akaenda kwa mwalimu wa madrasa, nikadhani anakwenda kuniombea dua. Niliporudi alasiri nilimkuta chumbani mwangu. Ndani. Ameketi juu ya kitanda changu, miguu imekunjwa, kama zamani nilipokuwa na homa. Mkoba ulikuwa umefungwa, tepe zake zimepigwa fundo la mama, si langu, na chumba chote kinanuka udi.

"Nimekuwekea sawa mkoba wako," akasema. "Mwalimu kanielekeza. Nenda kesho, hurudi mikono mitupu."

Nilidhani amefukiza tu. Nilifurahi mno kumwona amevuka kile kizingiti hata sikutaka kufungua fundo lake mbele ya macho yake na kuanza upya yale maneno. Nikaketi karibu naye. Tukazungumza mambo mengine, mchele, paa linalovuja, mpaka ikaadhiniwa magharibi.

Meneja alikuwa Mzungu mrefu, jua limemchoma mpaka masikioni. Ofisi yake bado ilikuwa inanuka saruji. Akaniambia nifungue. Nikafungua fundo la mama, nikatoa picha ya juu: baba, mama na watoto wawili wanasikiliza redio. Niliiweka mezani ikimwelekea yeye, kama tulivyofunzwa, kwa hiyo mimi niliiona kichwa chini na sikuelewa mara moja kwa nini ameikodolea macho.

Wote wanne walikuwa na mstari mwekundu shingoni. Nikadhani ni wino. Nikainama. Ulikuwa uzi. Sindano ilikuwa imepita kwenye karatasi ngumu, juu na chini, juu na chini, sawasawa, kutoka bega hadi bega, na fundo limefichwa nyuma kama mama anavyolificha kwenye mkeka ili lisimkwaruze anayelala. Nikatoa ya pili, dereva na chupa yake ya soda: ameshonwa. Mtoto wa sabuni ameshonwa. Msichana wa dawa ya meno, ambaye nilimchora kwa wiki mbili nikifuta na kurudia mpaka meno yakacheka, naye ameshonwa, na uzi umevutwa kidogo ukaikunja karatasi.

Nilielewa palepale. Tangu utotoni nilisikia madrasani kwamba sanamu likishakatwa kichwa si kiumbe tena, ni sawa na mti au jiwe, halina ubaya. Ndiyo maana wengine kwetu walikuwa wakipiga mstari shingoni mwa picha ya kalenda kabla ya kuitundika. Mama hakutaka kuzichoma picha zangu. Alitaka ziwe halali. Alikwenda kuuliza njia, akapewa, akaketi kwenye kitanda changu mchana kutwa akiwakata watu wangu vichwa mmoja mmoja, kwa upole, ili malaika wapate kuingia na mimi nipate kazi.

Ya mwisho katika picha za watu ilikuwa yake mwenyewe. Nilimchora Nairobi, kwa kumbukumbu, siku moja niliyoelemewa na upweke. Anapepeta mchele, ameinama, anatabasamu jambo analolijua yeye. Sikuwahi kumwonyesha. Hapo uzi ulikuwa wa samawati, umeshonwa mara mbili, na kila tundu limepimwa. Sijui alijitazama kwa muda gani kabla ya kuichoma sindano. Nilitaka kulia, na pia nilitaka kuipindua ile meza.

"Nani amefanya hivi?" meneja akauliza.

Nilimwangalia. Kwenye pembe ya mdomo wake kulikuwa na kicheko kinasubiri ruhusa. Ningesema ni mama yangu, ningeeleza habari ya malaika, na kile kicheko kingetoka, kisha kingekwenda mezani kwa wenzake jioni, kingepelekwa ng'ambo na wageni. Mtu huyu nilipoingia hakuniitikia hata salamu. Heri mwehu niwe mimi.

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ni mtindo."

Akasema loo. Akaziweka picha pembeni kwa ncha za vidole. Mimi nikaanza kuufunga mkoba, akili imeshafika Ramisi, nasikia mpaka mlio wa mizani, ndipo akauona mfuko wa chini. Mle zilikuwamo kazi zangu za herufi, alfabeti nzima nzima, nyembamba na nene, zile nilizozifanya kwa sababu tulilazimishwa. Herufi hazina shingo, mama hakuzigusa. Alizitoa akazitazama moja moja dirishani.

"Hizi safi," akasema. "Watu sitaki. Herufi utaanza kesho."

Nilitembea kurudi nyumbani nikijipangia maneno. Nilikuwa nayo mengi, mengine makali. Mama alikuwa amesimama njiani, mkono umeshika kiuno, hata hakuningoja nifike.

"Vipi?"

"Nimepata."

Vigelegele alivyopiga siku ile vilitoa watu majumbani. Alinishika uso kwa mikono yote miwili mbele ya majirani na kusema, "Si nilikwambia? Si nilikwambia wanaingia?" Ningesema nini? Nimekosa kazi niliyoitaka kwa sababu ya uzi wake, na nimepata niliyopewa, na mambo hayo mawili yametoka kwenye mkoba mmoja. Ushahidi wote ulikuwa upande wake. Nikayameza maneno yangu yakiwa mazima.

Mjomba alikuja kutoka Munje na jogoo. Hakuomba radhi, mjomba haombi radhi, ila alikaa akala akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Hao Wazungu wa bahari wamekuja kwa kheri yako." Nafasi ya Ramisi akampa kijana mwingine wa ukoo. Na sifa za mama zikaenea. Watu wakawa wanamletea picha zao za arusi awashonee, bure, kwa thawabu. Mwenye duka wa karibu alipomwona mama anakuja na kikapu chake cha nyuzi aliiteremsha haraka picha ya mkubwa wa nchi iliyokuwa juu ya mizani, akaificha chini ya gunia la sukari. Kila mtu alicheka, na mimi nikacheka.

Kazini niliandika namba za milango. Niliandika vyoo vya wanaume na vyoo vya wanawake. Niliandika mahali pa kula, mahali pa kuogelea, mahali pa kuweka viatu. Mikono haikuchoka, kilichochoka kilikuwa ndani. Kila herufi ilikuwa sawa na ya jana, na fundi wa herufi hasifiwi, hugunduliwa tu akikosea. Usiku hata ndoto zangu zilikuwa na rula. Nilimwendea meneja mara mbili tatu na michoro mipya ya watu, nikamwomba anipe hata bango moja la ngoma. "Watu wako nimewaona," akasema, hakutaka hata kunyoosha mkono. Na ile habari ya Nairobi, nilipoiuliza, akaniambia Nairobi wana waandishi wa herufi tele. Kuacha sikuweza. Nikiacha, mjomba atanitafutia mizani nyingine. Zaidi ya hapo, mama alikuwa amezoea kuamka alfajiri kunipigia pasi shati, na alilipiga kama mtu anayefanya ibada.

Siku moja, hoteli ikiwa imeshafunguliwa, meneja aliniita akanipa ubao mkubwa wa mvule na kikaratasi. Wageni wamelalamika, akasema. Kati ya uzio wa hoteli na kiwanja cha jirani kulikuwa na njia ya miguu iendayo pwani, na siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na mwamba kubaki wazi, wanawake wa vijiji vya nyuma walipita hapo na vikapu na fimbo zao za chuma kwenda kuchokoa pweza. Wanarudi wametota, pweza wananing'inia, wanakatiza katikati ya viti vya watu waliolala juani. Alitaka ubao wa kuwazuia. Kwa Kiswahili, akasema, tena Kiswahili cha adabu, kama mnavyosema wenyewe. Maneno nitafute mimi.

Nilimuuliza watapita wapi. Akanyoosha kalamu kusini, upande wa Chale, kama mtu anayeonyesha mawingu. Nilijua njia hiyo. Ukizunguka huko unafika mwambani maji yameshaanza kurudi. Nilimweleza. Akasema hilo ni la bahari, si lake.

Nilichelewesha nilivyoweza. Nilisema ubao haujakauka, nikasema rangi nyeupe imeisha. Nilipiga msasa mpaka ubao ukang'aa kama sinia. Mwishowe hapakuwa na kingine cha kupiga msasa. Nikaandika: HII NI PWANI YA WAGENI WA HOTELI. WENYEJI TAFADHALI MSIPITE. Hiyo tafadhali ilikuwa yangu, meneja alikubali kwa sababu nafasi ubaoni ilikuwepo. Hasira zote nilizokuwa nazo ziliingia kwenye brashi, na ajabu hazikuharibu kitu. Ulikuwa ubao bora kuliko wote niliowahi kuandika. Ungesomeka kutoka barabarani.

Bamvua lilipofika nilikuwa naandika namba kwenye mlango wa nyumba ya mwisho, karibu na uzio. Nikasikia sauti ya askari wa getini, kijana kutoka bara.

"Mama, hapana pita hapa. Imekatazwa."

"Nimekatazwa na nani, baba?"

Nilitambua sauti kabla sijageuka. Alikuwa mbele ya wenzake, leso imefungwa kifuani, fimbo begani. Mama hakwenda mwambani mara nyingi miaka ile, mgongo ulikuwa unamsumbua, lakini siku ile alikuja, na baadaye niliambiwa alikuja makusudi awaonyeshe wenzake mahali ninapofanya kazi.

"Soma hiyo," askari akasema, akionyesha ubao.

Mama alisoma herufi za Kiarabu, na alisoma vizuri. Za Kizungu hakuzijua. Aliutazama ubao kutoka juu hadi chini, akasogea, akapitisha kidole ukingoni mwake, pale nilipopiga msasa.

"Hii kazi ya mwanangu," akawaambia wenzake. "Tazameni mkono wake ulivyonyooka." Kisha akaniona. "Huyo! Njoo, mwanangu, tusomee. Huyu baba asema tumekatazwa, nami nawaambia wenzangu wewe huwezi kuandika neno la kutukataza sisi."

Nilikwenda na brashi mkononi. Wote walikuwa wananitazama, wengine wao ndio walionibeba mgongoni utotoni. Fikra ya kuwadanganya ilinijia, Mungu shahidi, ila askari alijua kusoma. Nikasoma. Nilisoma lote, hata tafadhali, na sauti yangu ilitoka kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Niliposikia neno wenyeji likitoka kinywani mwangu nilitamani ardhi inimeze.

Mama aliendelea kuutazama ubao, kana kwamba sasa alipoambiwa ndipo anaweza kuuona. Kisha akashusha fimbo begani, akaishika kama mkongojo.

"Haya, turudini," akasema.

"Tuzunguke Chale?" mmoja akauliza. "Maji yatakuwa yamejaa tukifika."

"Basi yajae. Mtoto asije akafukuzwa kazi kwa ajili ya pweza."

Aligeuka wa kwanza, na kwa kuwa yeye ndiye mama yangu, na ubao ni wangu, wengine wakamfuata kwa heshima yake. Mmoja alisonya, mama akamkata kwa jicho. Hawakupiga kelele. Askari akanishukuru, akasema nimemwondolea matata. Nikarudi kwenye mlango wangu nikamalizia namba, na mkono, kama alivyosema mama, ulikuwa umenyooka.

Jioni nilimkuta barazani. Alikuwa amepika wali na mchicha. Aliingia ndani akatoka na kile kiti kimoja, ambacho hakumwekea mtu yeyote isipokuwa mjomba akija kutoka Munje, akakiweka mbele yangu, na yeye akaketi chini mkekani. Nilimwambia siketi hapo. Akanishika mkono akaniketisha.

"Kula, baba," akasema. "Kesho una kazi."